Jicho Alilolipumzisha Mbusa

Mume wangu Mbusa alitoka Butembo akafungua duka hapa Ntoto. Ana Kifaransa cha kusomea maandishi ya kopo la maziwa. Mimi sikusoma, kwa hiyo miaka yote amenijibia, hata nikiulizwa jina langu.

Binti yetu Kyakimwa anaugua viungo tangu utotoni. Magoti yalivimba, kisha ugonjwa ukapanda machoni. Jicho la kushoto likawa jekundu, halafu likafunikwa na mtoto wa jicho. Tukampeleka Masisi kwa daktari wa macho. Mlangoni Mbusa akanizuia.

"Weye baki inje. Mule wanasema Kifaransa."

Alitoka na chupa ya dawa ya matone, kifua mbele. "Docteur anasema jicho ikuwe *au repos* miezi tatu, njo atapasua."

"*Au repos* njo nini?"

"Kupumuzika, mama mujinga."

Basi akalipumzisha. Alilifunga kitambaa, akaificha dawa, kwani jicho linalopumzika halisumbuliwi. Nilipoidai, alipaza sauti dukani: "Muone docteur wangu! Hata jina yake hawezi andika!" Wateja wakacheka. Nani atamnunia mwenye kumkopesha chumvi?

Miezi ilipotimia tulirudi Masisi; nilimpita Mbusa mlangoni nikaingia na mtoto, naye akatufuata. Daktari alifungua kile kitambaa, akashusha pumzi.

"Mama, dawa munatiaka mara ngapi kwa siku?"

Nilishtuka. "Kumbe unajua Kiswahili?"

"Nilizaliwa hapa karibu, Nyamitaba, mama. Papa huyu njo alianza na Kifaransa."



Daktari alieleza kwamba ule ugonjwa wa viungo ni moto unaowaka pia ndani ya jicho. Dawa ya kila siku ndiyo inayouzima, na moto ukizimika ndipo jicho huwa *au repos*. Kupasua jicho linalowaka ni kuliua. Ilibidi tuanze upya, na kilichokwisha kuharibika hakingerudi.

Safari hii dawa niliitia mwenyewe. Jicho likatulia, likapasuliwa. Bandeji ilipotolewa, daktari alilifunika jicho la kulia, akamuuliza Kyakimwa anaona nini.

"Naona Papa. Shati tu. Kichwa hapana."

Mbusa akatoka mbio kutangaza kwamba amemponya mtoto wake.

"Mama, kichwa itaonekana siku moja?" Kyakimwa akaniuliza.

"Hapana, mama yangu. Lakini kwa kichwa ile, haukukosa kitu."