Mwiko wa Karanga

Juzi, kwenye benchi la zahanati ya Mabawa, bibi mmoja alimpa mtoto wa watu kashata ya karanga. Mama yake akaipokonya.

"Akila karanga koo lavimba, bibi. Majuzi nusura afe."

"Karanga itamuuaje mtoto? Wamdekeza tu!" Bibi akamega kipande kingine, akakipeleka kinywani mwa mtoto.

Mama akaudaka ule mkono. "Ni mwiko wa ukoo wa babake."

"Ee! Si ungesema mapema?" Bibi akajifuta vidole upesi, akamfuta na mtoto.

Nami niliyekaa kando yao na kashata yangu, nikamnong'oneza mama, "Ukoo gani huo?"

"Wanauza karanga Muheza," akanijibu.

Tukiambiwa mtoto atakufa, twabisha. Tukiambiwa wazee wa ukoo watakasirika, twaficha kashata. Yangu niliirudisha mkobani.