Sentensi ya Lomayani

Siku yangu ya kwanza darasani, wavulana wa kidato cha kwanza walisimama, wakasema "Shikamoo mwalimu," kisha wakaendelea kutazama mlangoni. Walidhani padri ananifuata nyuma. Seminari yetu ndogo ilikuwa kwenye mteremko wa Meru, juu ya Olmotonyi, na Kilatini hakikuwahi kufundishwa pale na mwanamke. Mimi nilikisoma utawani, nikiwa mnovisi, yaani mtawa aliye bado mafunzoni, kabla sijarudi nyumbani na kuolewa Akheri.

Gambera, ndivyo tunavyomwita padri mkuu wa seminari, alikuwa mzee wa Kichaga mwenye sauti ya chini. Aliniambia, "Mama, wengi wao hawatakuwa mapadri. Usiwafundishe kufaulu mtihani tu. Wafundishe kuandika sentensi inayomfanya msomaji atulie."

Nanyi walimu mnaoanza kazi hii leo, nawaeleza tulivyoifanya. Katika Kilatini, mkia wa neno ndio unaosema nani katenda na nani katendewa. *Mater vaccam mulget*: mama anamkamua ng'ombe. Yapange maneno utakavyo, ng'ombe hatamkamua mama, maana ile m mwishoni mwa *vaccam* imeshasema ni nani anayekamuliwa. Kwa hiyo mwandishi ana uhuru, na uzuri unaanzia hapo: neno zito liweke mwisho, pumzi inapoishia. Kila walichoandika walikisoma kwa sauti. Sentensi ikikwama kinywani, inarudi kuandikwa upya.

Lomayani alitoka kwa wafugaji, mbele ya Terrat. Kiswahili chenyewe alikijulia shuleni, na mikia ya Kilatini aliiacha popote. Alipofika kidato cha pili, mwalimu wa taaluma alipendekeza arudishwe nyumbani. Nikaomba nipewe muhula mmoja zaidi.

Jioni moja nilimkalisha jikoni kwangu, nikamuuliza, "Kimaasai mnasemaje, mama anamkamua ng'ombe?"

Akasema. Nikamwomba aseme, ng'ombe anampiga mama teke. Akasema tena, kisha akarudia yote mawili polepole.

"Mwalimu, ng'ombe amebadilika."

"Amebadilikaje?"

"Sauti. Akitenda, jina lake tunalitamka hivi. Akitendewa, tunalitamka vingine." Akacheka kidogo. "Kumbe mkia wetu uko kwenye sauti."

Tangu siku hiyo aliandika kama mtu aliyepewa ruhusa. Makosa hayakwisha, ila sentensi zake zilianza kutembea.

Siku ya wazazi ilikuwa desturi mwanafunzi mmoja asome shukrani kwa Kilatini. Nikamtaja Lomayani. Mwalimu wa taaluma akatikisa kichwa. Gambera akasema, "Asome. Tukishamsikia, tutaamua kama abaki."

Alisimama mbele ya ukumbi, akasoma. Mama yake alikaa safu ya mbele na shuka lake, hajui Kilatini wala Kiswahili cha kutosha. Lomayani alifika sentensi ya mwisho: *Ut ego ederem, mater esuriebat.* Mapadri wakaacha kunong'ona. Kisha akamgeukia mama yake, akamwambia kwa Kimaasai: ili mimi nile, mama alikuwa akishinda na njaa.

Mama akafunika mdomo kwa shuka. Akamuuliza neno moja tu, nami nikaelezwa baadaye alichouliza: "Nani alikuambia?"

"Nilikuwa naona," mwanawe akamjibu.

Gambera alivua miwani. Hapakuwa na kikao tena cha kuamua kama abaki.

Lomayani alimaliza kidato cha sita, akaomba kuondoka, akasomea misitu. Nilihuzunika, nikidhani tumempoteza. Gambera aliniambia, "Tumempoteza wapi? Kuandika anajua; atamwandikia nani barua mbaya huyo?"

Baadaye nilihamishiwa kwa masista wanovisi, kisha nikarudishwa seminarini, nikafundisha mpaka nilipostaafu. Vipindi vya Kilatini vimepungua, na wapo wanaouliza kama vilikuwa na faida. Mimi huwa sibishani nao. Nimewaona watoto wakitafuta mahali pa kuliweka neno "mama" ndani ya sentensi, wakilihamisha huku na huku hadi likae.

Siku ya kuagwa, padri kijana aliyenipokea kazi alinishika mkono. "Mama, nianzie wapi?"

"Uliza kila mmoja, nyumbani kwao wanasemaje," nikamwambia. "Halafu nyamaza, umsikilize."

Nilipokuwa nikishuka ngazi, dirisha la darasa lilikuwa wazi. Nikamsikia yule padri akiuliza nyumbani kwao wanasemaje, na mtoto mmoja akajibu kwa Kimeru.