Majani Tu, Bwana Karani

Mama mkwe wangu alikuwa na mahali pake sokoni, na mtu asiyejua angepita hapo akadhani hapana kitu. Hapakuwa na meza wala paa. Palikuwa na magunia mawili yaliyotandikwa chini, jiwe la kukalia, na nyuma yake mfereji wa maji, bomba lenye koki mbovu, uliodondoka mchana kutwa bila mtu kuutengeneza. Lakini katika soko lote la zamani la Nakuru hapakuwa na mahali bora, na sababu ni huo mfereji. Upepo wa Nakuru hukausha, na siku nyingine huja na vumbi jeupe la ziwani linalowasha macho. Kufika saa nane mboga za wengine zilikuwa zimelala chali, lakini zake, zilizonyunyiziwa tangu asubuhi, zilikuwa bado zimesimama.

Aliuza mrenda, saga, kunde na mnavu, zile mboga za kwetu magharibi, pamoja na chumvi ya majivu ya kulainishia mrenda. Alizilima mwenyewe kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kando ya reli, ambao hakuna aliyempa na hakuna aliyemkataza. Wateja wake walikuwa watu wa reli na watu wa viwandani, wanaume waliokuwa mbali na wake zao, waliochoka kula kabichi. Nimewahi kumwona mtu mzima, fundi wa injini mwenye mikono myeusi kwa grisi, akinusa fungu la saga kwa muda mrefu kabla ya kulinunua. Mama mkwe hakumcheka. Alimwongezea konzi moja.

Mimi nililetwa Nakuru kwa treni, nikiwa bibi arusi, kuolewa na mwanawe aliyefanya kazi ya reli. Tulikaa landhi, zile nyumba za reli za chumba kimoja kimoja zilizopangwa mstari kama mabehewa. Mama mkwe hakulala kwetu, maana kwa desturi yetu jambo hilo halisemwi hata kwa mzaha. Alikaa na mjane mwenzake mlango wa nne. Lakini kuanzia alfajiri hadi jioni nilikuwa naye. Nilichuma naye, nikafunga mafungu naye, nikakaa nyuma yake sokoni nikijifunza kunyamaza.

Nasema kunyamaza kwa sababu ndiyo kazi niliyofundishwa kuliko zote. Nilikuwa nimesoma kwa wamisheni hadi darasa la sita, na mama yangu aliogopa kwamba kitabu kingeniharibu. Kabla sijapanda treni aliniambia mambo matatu, na yote yalikuwa jambo moja: usimkatize mama wa mume wako, usimsahihishe, usimwonyeshe mbele za watu kuwa unajua kumzidi. Nikayashika. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu, na bado niko hivyo, kwa hiyo msidhani ilikuwa rahisi.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo lazima mlijue. Mtu wa kwetu hasifu chakula chake. Mgeni akikaribishwa, hata kama kuku amechinjwa na ugali wa wimbi unafuka, mwenye nyumba atasema, karibu, hatuna kitu, ni majani tu. Mgeni anaelewa, anakula kuku, anasema asante kwa majani. Ukisema nina kuku, umejivuna. Mama mkwe alikuwa na adabu hiyo hadi kwenye mifupa. Wateja walipomuuliza leo kuna nini, alijibu, majani tu, baba, na hapo wakajua mrenda umefika.

Basi zikaja habari za soko jipya. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na soko la zamani lilikuwa limepungua watu. Wengi wa wauza viazi na maharagwe walikuwa wamezolewa na askari kwa malori asubuhi moja, na nafasi zao zilibaki wazi hivyo hivyo, mawe yao ya kukalia yakiwa bado yamepangwa. Halafu wakubwa wa mji walipopita wakasema soko ni chafu na lina mapengo. Waliamua kujenga jingine upande wa pili, la mawe, lenye meza za saruji na paa, na hapa pa zamani pawe uwanja wa malori na maduka. Kila mwenye mahali angeandikwa na kupewa namba ya meza.

Sitadanganya, tulifurahi. Mama mkwe alizungumza juu ya meza yake wiki nzima. Angekaa juu ya stuli, magoti yake yapumzike, na mvua ya Aprili isimpate. Aliniuliza kama mfereji utakuwa ndani au nje. Nilimwambia utakuwa ndani, ingawa sikujua lolote.

Siku ya kuandikwa, makarani waliweka meza langoni mwa soko la zamani. Mstari ulizunguka hadi barabarani, na askari wawili walituangalia, maana siku zile hata mstari wa wauza mboga uliangaliwa. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe. Mboga aliziacha nyumbani. Alisema hawezi kwenda mbele ya karani akiwa amebeba mzigo kama punda. Nikawa nyuma yake, mikono mbele, macho chini.

Karani alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, na alikuwa amechoka. Aliuliza jina, akaandika. Aliuliza kipande cha mume, ile hati ya kitambulisho, akaambiwa mume ni marehemu, akaandika. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Unauza nini, mama?"

"Majani tu, bwana karani," mama mkwe akasema.

"Majani?"

"Majani tu."

"Unakata wapi?"

"Pale kando ya reli. Nakata mwenyewe."

Karani akatikisa kichwa, akaandika. Mimi nilikuwa nimesimama mahali ambapo kitabu kilikuwa mbele yangu, kimegeuzwa juu chini. Nilizoea kusoma hivyo, kwa kuwa shuleni tulikaa watatu kwa kitabu kimoja. Niliona neno la Kizungu aliloandika. Lilikuwa neno nililolijua tangu darasa la pili, kwenye ile sentensi ya ng'ombe aliye shambani anayekula. Kwa Kiswahili chetu cha bara majani ni majani, ya sufuria na ya ng'ombe, hata ya chai. Kwa Kizungu hayachanganyiki. Karani alikuwa ameandika ya ng'ombe.

Tena hakuwa mjinga. Mjini walikuwepo watu waliokata nyasi kando ya reli na kuwauzia Wazungu wenye farasi na wenye mikokoteni ya punda. Ukimwangalia mwanamke aliyekuja mikono mitupu, akasema majani tu, nakata kando ya reli, ungeandika nini?

Nilifungua mdomo. Nyuma yetu walikuwa wanaume, na mbele yetu wanaume, na mama mkwe alikuwa amesimama wima, ameridhika, mtu aliyejibu maswali yote ya serikali bila kukwama. Nikimwambia karani si nyasi ni mboga, ningekuwa nimesema mbele ya soko zima kwamba mama huyu hajui kujieleza, na kwamba mimi msichana wa juzi ndiye ninayejua. Nikajiambia nitasema tukifika nyumbani. Tulipofika nyumbani alikuwa akiimba. Nikajiambia nitasema kesho. Karani akageuza ukurasa siku ile ile, na kesho nayo ina kesho yake.

Wiki tatu baadaye kadi zilitolewa. Yake haikuwa na namba ya meza. Ilikuwa na alama ya uwanja wa nje, nyuma ya ukuta wa soko jipya, mahali pa mikokoteni. Alifikiri ni makosa madogo ya kalamu. Mume wangu alikwenda ofisini baada ya zamu yake, akaambiwa arudi kesho. Alirudi kesho, akaambiwa kitabu kimekwenda kwa mkubwa. Alirudi tena, akaambiwa meza zimekwisha na waliokosa ni wengi. Mzee wa landhi alituandikia barua nzuri yenye heshima nyingi. Haikujibiwa. Wanawake wengine waliokosa meza walitaka twende pamoja, lakini watu wakikusanyika siku zile waliulizwa maswali ya aina nyingine, kwa hiyo kila mmoja alikwenda peke yake na kila mmoja alirudishwa peke yake. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu. Sisi tulikuwepo na letu halikuwepo.

Soko la zamani lilibomolewa siku ya Jumatatu. Tulikuwa tumeambiwa ni mwisho wa mwezi. Mama mkwe alikuwa tayari ameketi, mafungu yamepangwa, pale wafungwa walipoletwa kubomoa vibanda chini ya askari wao. Walianzia upande wa nyama. Yeye aliendelea kuuza. Mabati yalianguka, vumbi likapanda, na mtu wa reli akachuchumaa kando yake akichagua mnavu kama vile ni siku ya kawaida. Walipofika kwetu, mfungwa mmoja, mtu mzima, alimwomba mama samahani kabla ya kuinua jiwe. Alimwambia, "Mama, inuka tu, si mimi." Akainuka. Mfereji waliuziba kwa kipande cha mti, na ndipo kwa mara ya kwanza ukaacha kudondoka.

Mimi nilishika magunia. Sikufanya kingine. Nilitaka kumrukia mtu na sikuwa na wa kumrukia, kwa sababu yule mfungwa alikuwa amesema kweli, na askari wake naye angesema hivyo hivyo.

Kesho yake akabeba mboga zake hadi soko jipya, nyuma ya ukuta. Palikuwa na punda sita na watu wawili wenye mizigo ya nyasi. Akatandika magunia yake kati yao. Hapakuwa na kivuli, na maji yalikuwa ndani ya soko, ambako mwenye kadi ya nje hakuruhusiwa. Wateja walimtafuta kwenye meza, hawakumwona, wakanunua kabichi. Siku ya tatu bwana afya, mkaguzi wa mji, alipita. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotumaliza. Aliitazama kadi, akautazama mrenda, akasema hapa ni mahali pa nyasi, chakula cha watu hakiwezi kuuzwa chini karibu na wanyama, itakuwa hatari kwa watu. Mama mkwe akamwambia kwamba hata yeye hapendi kukaa na punda. Bwana afya akamwonyesha neno dogo nyuma ya kadi. Akamwambia akileta nyasi, hakuna atakayemsumbua, anaweza kukaa hadi jioni.

Tulirudi landhi na mboga zote. Jioni mume wangu alipotoka kazini, mama mkwe alikuja hadi mlangoni kwetu, akaketi nje kwenye kigoda, akamkabidhi ile kadi. Mume wangu alisoma Kizungu kidogo. Aliigeuza, akaliona kwa mara ya kwanza lile neno la nyuma, akacheka kwa uchungu, akamweleza: Kizungu kina majani mawili, mama, na huyu karani ameandika yale mengine. Hawatabadilisha. Watasema ulisema mwenyewe.

Mama mkwe aliichukua kadi, akaiweka mapajani. Nadhani alikuwa anairudia ile siku neno kwa neno, akitafuta alipokosea, na hakupaona, kwa sababu alikuwa amejibu kama mtu aliyelelewa anavyojibu. Kisha akanigeukia.

"Wewe ulikuwa hapo nyuma yangu. Ulimwona akiandika?"

Ningeweza kusema hapana. Nani angejua?

"Nilimwona, Mama."

"Ukajua ameandika vibaya?"

"Nilijua."

Mume wangu akatazama ukuta. Nilikuwa nimepiga magoti kumpa uji, na nikabaki hapo hapo. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige kwa mwiko, anirudishe kwetu, amwambie mwanawe ameoa mjinga aliyesoma. Nilikuwa na hamu ya hayo yote, nipate mahali pa kuanzia kulia.

Alinyoosha mkono akapokea uji.

"Mbele ya wanaume wote wale," akasema, "hukunikatiza." Akanywa kidogo. "Walikulea vizuri kwenu."

Hakulirudia jambo hilo kwangu hata siku moja. Alijaribu kuuza mlango kwa mlango landhini, akakatazwa. Ukanda wake kando ya reli aliuachia magugu. Kabla ya Krismasi alipanda treni kurudi nyumbani, na mume wangu akapunguza chai na sukari ili tumtumie kitu kila mwezi.

Alikaa miaka mingi baada ya hapo. Nilipokwenda kumwona alikuwa akinishika mkono mbele ya wageni, akiwaambia, huyu ndiye mke wa mwanangu, mnamwona, amesoma lakini ana adabu, siku moja huko Nakuru alinitunzia heshima mbele ya serikali. Wageni wakaitikia, wakanitazama kwa kupendezwa. Nami nikainama kuwasalimu, mmoja mmoja.