Jani Alilopewa Jérôme

Wakimbizi wa kambi ya Dzaleka, Malawi, walimjua Thacienne, au Mama Arakaza, kwa vitu viwili: ulimi wake na dawa yake. Ulimi tuuache. Dawa ilikuwa majani machungu aliyoonyeshwa na mama mkwe wake kule Ngozi, Burundi, naye akaapishwa kwanza: dawa ya ukoo haitoki nyumbani, mgeni akiiomba mpe jani la kufanana nayo, aende zake.

Mwaka 1996 akaja Jérôme, Mrundi mwenzake, aliyepata kazi katika maabara moja ya Lilongwe. Alimjua Zaituni, mama wa Kikongo kutoka Kindu, jinsi alivyokuwa hoi, kila homa inayopita kambini inaanzia kwake. Sasa Zaituni anakunywa majani ya Thacienne na anauza maandazi sokoni.

"Mama, tuyapime," akasema Jérôme. "Tutayatia kwenye damu, tuone kama askari wa mwili wanaamka."

Na Thacienne, loo! Bila hata kufikiri mara mbili, akamfungia jani lile jingine. Tena alicheka peke yake.

Majibu yalipotoka, Jérôme alimpandisha matola, gari la mizigo linalobeba abiria, hadi mjini ayasikie mwenyewe. Mkuu wa maabara alimpa kiti, akamwambia zikomo, asante kwa kuja, lakini majani haya hayana kitu. Jérôme alikuwa akitazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyemsifu mama huyu mpaka mkubwa wake akakubali kupima. Thacienne alisikia uso unamwaka. Ukweli ulimfika mdomoni, akaumeza. Aseme nini, kwamba amewachezea watu wazima?

Habari haikukawia kufika sokoni: dawa ya Mama Arakaza ni majani tu. Baada ya wiki chache meza ya maandazi ikawa tupu. Thacienne alimkuta Zaituni mkekani, midomo imemkauka, na kikombe alichomletea jana kimejaa vilevile.

"Mama Yasmine, mbona hunywi?"

"Banasema haina kitu. Benye masomo njo banasema."

Hapo aibu ikamshinda. Akapiga magoti, akaeleza yote. "Niliyowapa wao si yenyewe. Niliwadanganya. Haya yako ni ya kweli, haki ya Mungu. Kunywa, dada yangu."

Zaituni hakukasirika. Heri angekasirika. Alimtazama, kisha akasema polepole:

"Bale bantu ulibapatia ya uongo, na ukabachekea. Sasa mi nitajua namna gani ulinipatia gani?"

Thacienne akanyakua kikombe, akakinywa chote mbele yake, machozi yanamtiririka. Zaituni alingoja amalize, kisha akamgeukia binti yake mlangoni.

"Yasmine, niletee maji ya kunywa. Uchote wewe mwenyewe."