Udongo Uliokaangwa

Mtaani walimwita Bi Povu, wala hakununa. Kufua nguo za watu ndiyo kazi iliyomzeesha, na uchafu ulikuwa adui yake hasa. Mumewe, mwenye kitalu cha miche nyuma ya nyumba, alizoea kuvua viatu nje, kunawa nje, na siku nyingine, kwa utani wake, kupiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

Kisha kiharusi kikamlaza mzee. Upande wa kulia ukagoma, ulimi ukawa mzito, hamu ya kula ikamtoka. Kitu kimoja tu kilimfanya afumbue macho: habari za miche yake. Bi Povu akajifunga kibwebwe. Angeitunza yeye, tena kwa usafi kuliko mwenyewe.

Basi udongo wa kujazia viriba, vile vifuko vya miche, akauchekecha mpaka ukalainika kama unga. Majani yaliyooza akayatupa nyuma ya ua. Nyungunyungu akawaokota mmoja mmoja, uso kaukunja, akawapa kuku wa jirani. Kilichobaki akakikaanga kwenye karai asisalie mdudu hata wa dawa. Akaujaza kwenye viriba, akahamishia humo miche yote ya mipapai, akaimwagilia, akajisifu kimoyomoyo.

Haukupita muda majani yakageuka njano. Udongo ulishikamana kama saruji, maji yakawa yanatuama juu tu. Na kila asubuhi mzee aliuliza kwa shida, kama anayeulizia watoto, hawajambo? Naye alijibu hawajambo, wamenenepa, huku moyo ukimuuma. Alihofu kwamba mche wa mwisho ukifa, mumewe naye hatakuwa na la kumfumbua macho.

Siku moja uongo ukamkwama kooni. Akaleta mpapai mmoja uliosinyaa, akamwekea kwenye mkono ulio mzima. Mzee akaufikicha udongo, akaunusa.

"Umeufanya nini?"

Akamweleza yote, kuchekecha, kuku, karai, hakuficha kitu. Akainamisha kichwa kungoja lawama. Kifua cha mzee kikaanza kutikisika, Bi Povu akaruka kwa hofu akidhani ugonjwa umerudi. Kumbe ni kicheko, cha kwanza tangu augue.

"Wale wadudu ndio wapishi, mama," akasema neno moja moja. "Wanaozesha majani, mti unapata kula. Wewe umewakaanga wapishi."

Bi Povu akacheka naye, machozi yakimtoka. Mzee akasema miche mingine ingali na uhai, ila udongo unataka kuchanganywa upya, na hilo halielezeki kwa mdomo, ni la mkono. Akautazama mkono wake wa kulia.

Bi Povu akatoka. Nyuma ya ua, yale majani aliyoyatupa yalikuwa yamegeuka udongo mweusi, nyungunyungu wamejaa tele. Akajaza beseni, akaingia nalo ndani na miguu yake yenye matope, akalimwaga kitandani, ubavuni mwa mumewe.

"Mashuka yako," mzee akanong'ona.

"Mashuka yanafuliwa," akasema Bi Povu, akaushika mkono wa mumewe na kuuzamisha udongoni. "Nifundishe."