Upande wa Kushoto wa Sahani

Ofisi ya viwanda ya wilaya imetangaza, na tangazo limebandikwa katika kila karakana, kati ya kalenda na picha ya Kaaba, kwamba katika Jepara, wilaya yetu ya wachonga mbao huku Java, hakuna kazi ya kuonewa haya. Mwenye kuchonga, mwenye kupiga msasa na mwenye kupaka vanishi, lasema tangazo, wote ni mikono ya mwili mmoja na heshima yao ni moja. Karatasi imepigwa chapa kwa rangi mbili na kutiwa muhuri. Hakuna aliyeona sababu ya kubisha.

Pak Kasmuri, na Pak kwetu ni Mzee kama Bu ilivyo Mama, alilisoma siku lilipobandikwa. Alilisoma kwa karibu mno, pua ikikaribia kugusa muhuri, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia, na taabu yake yote ilianzia hapo.

Kabla ya macho, alikuwa fundi wa nakshi. Katika kijiji chetu hilo si jina la kazi tu. Mafundi wa nakshi hukaa mlangoni, kwenye mwanga, na chai huanzia kwao. Wapiga msasa hukaa chini, kwenye mikeka, mwisho wa karakana, vitambaa vimefungwa puani, na wote ni wanawake. Hakuna sheria inayomkataza mwanamume kukaa mkekani. Hakuna pia mwanamume aliyewahi kukaa.

Binti yake Nihayah alipoolewa Kudus, mji wa jirani, Pak Kasmuri alimchongea mkwe mwenzake, Haji Rondhi, milango miwili ya msaji yenye mizabibu na maua ya asumini. Haji Rondhi ni mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa. Kila mgeni wake husimamishwa mbele ya milango ile, apende asipende, mpaka aguse jani moja na kusema kitu. Kudus nzima ilijua kwamba Haji ana mkwe ambaye patasi humtii.

Halafu Pak Kasmuri akaanza kuona majani mawili palipochorwa moja, akawa anakata katikati yao. Mwenye karakana, Pak Sholikin, aliliona hilo mapema, lakini Pak Sholikin alifundishwa kushika patasi na Pak Kasmuri huyo huyo. Mwanafunzi hamwambii mwalimu wake kwamba amekwisha. Alizungumza naye juu ya mvua, akazungumza juu ya afya ya wajukuu, kisha akaenda mjini akanunua mashine.

Ilikuwa mashine ndogo ya msasa, ile ya kuweka juu ya meza: sahani ya chuma iliyosimama wima, imebandikwa msasa wa duara, na mbele yake kijimeza cha kulazia mti. Pak Sholikin aliiweka katikati ya karakana, mbali na mlango na mbali na mikeka, mahali ambapo hapakuwa pa mtu yeyote.

"Pak," alisema, "hii inataka mtu mwenye jicho la kupima pembe. Hawa wengine watanikatia vidole."

Ulikuwa uongo wenye adabu, na Pak Kasmuri akaupokea kwa adabu. Tangu hapo kazi yake ikawa kusawazisha vichwa vya miguu ya viti na kuviringa kona za vigoda, kabla ya wanawake kuvimalizia kwa mkono. Kwa maneno mengine, alikuwa mpiga msasa.

Lazima niseme kwamba hajatokea mtu aliyeitunza mashine ya msasa namna ile. Aliikaza mezani kwa bolti, kisha akaikaza na meza yenyewe sakafuni, maana mashine inayotembea, alisema, humfuata mwenyewe. Kila asubuhi alisimamisha skwea, kile kipimo cha pembe, kati ya kijimeza na sahani, akatazama kama mwanga unapenya. Pengo kati ya viwili hivyo aliliacha jembamba lisipitishe hata njiti ya kiberiti, kwa sababu pengo pana humeza mti, na mti huingia na kidole. Kubadilisha msasa, kwanza alichomoa plagi na kuiweka mahali anapoiona. Akiisha kubandika, aliizungusha sahani kwa mkono na kuisikiliza, halafu ndipo akawasha, naye amesimama kando. Mikono ya shati aliikunja juu ya viwiko. Pete yake ya akiki aliitundika msumarini. Miwani usoni, barakoa puani, bomba la vumbi limekazwa. Glovu hakutaka hata kuziona: sahani hudaka kitambaa kwanza, alisema, na mkono hufuata kwa kuwa umo ndani.

Lililo kubwa zaidi lilikuwa upande. Sahani ile ukiikabili huzunguka kinyume cha saa. Nusu yake ya kushoto inashuka, hivyo inaukandamiza mti mezani. Nusu ya kulia inapanda, inaung'oa mti mkononi na kuurusha. Pak Kasmuri aliipaka nusu ya kulia ya kijimeza rangi nyekundu.

"Kwenye mashine hii," aliwaambia wanawake, "shetani amehamia kulia."

"Sasa umehama naye mpaka huku kwetu?" aliuliza Bu Ngatini, ambaye ndiye mkubwa wa mikeka. "Karibu ukae, Pak. Pana nafasi hapa."

"Mimi ni fundi mashine, Bu."

"Haya, na mimi ni rubani. Sogeza mguu, ndege inaruka."

Wanawake walicheka ndani ya vitambaa vyao. Pak Kasmuri aliinama kupima pengo ambalo alikuwa ameshalipima.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa vumbi. Fundi wa nakshi anarudi nyumbani na vibanzi kwenye mikunjo ya nguo. Mpiga msasa anarudi na unga kwenye nyusi, na kijiji kizima kinajua kusoma tofauti hiyo kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo kila jioni Pak Kasmuri alinawa uso mara nyingi kuliko udhu unavyodai, akapita chini ya benchi la wachongaji kama aliyeangusha kitu, akachota vibanzi kidogo na kuvitia mfukoni na kwenye kola. Mkewe, Bu Zumaroh, alivikung'uta nyumbani na kuwashia jiko. Hakuuliza kitu. Ndoa yao ilikuwa ya muda mrefu.

Haji Rondhi alipopiga simu kuuliza kazi inaendeleaje, Pak Kasmuri alijibu kwamba kazi ipo, alhamdulillah. Huo haukuwa uongo. Aliliombea tu swali la pili lisifike.

Asubuhi moja ya kiangazi lilifika lenyewe, limevaa kofia nyeupe na kubeba maboksi ya jenang, halua nyeusi ya Kudus. Haji hakutoa taarifa. Alitaka, alieleza baadaye, kumwona mkwe wake akichonga bila kujiandaa. Alitafuta benchini mlangoni, hakumwona. Akaingia ndani na Pak Sholikin nyuma yake, uso wa Pak Sholikin ukiwa wa mtu anayetamani kuugua ghafla.

"Mkwe!" Haji aliita. "Kumbe umejificha huku?"

Pak Kasmuri alizima mashine. Alikuwa mweupe wa vumbi kuanzia nyusi hadi magoti.

"Pak Haji. Karibu, karibu. Mimi hapa... naijaribu tu mashine hii ya Pak Sholikin."

"Anaijaribu, Pak Haji," sauti ya Bu Ngatini ilitoka mkekani, laini kabisa. "Anaijaribu tangu mwaka juzi."

Mikeka yote ilikohoa. Haji aliona ni utani, akacheka kwa sauti kuliko wote. Pak Kasmuri aliangalia vidole vya miguu yake.

"Basi nionyeshe," alisema Haji. "Kudus tunasikia tu habari za mashine. Nileteeni kigoda."

Kigoda kililetwa na kuwekwa kushoto kwa mashine, kwa kuwa ndiko upepo ulikotokea na mgeni hapewi vumbi. Haji akakaa, magoti karibu yaguse meza. Hapa ndipo mtu wa kutoka nchi nyingine angesema: samahani, mzee, sogea. Pak Kasmuri ni Mjava. Mkwe mwenzake, mkubwa kwake kwa umri, aliyekwenda hija, amekaa mahali alipowekwa. Kuusukumia mti upande wa kushoto kungemlazimu kupitisha mkono wa kushoto chini ya pua ya mtu huyo na kumpa nusu ya mgongo. Kumwambia asimame kulikuwa kubaya zaidi. Na siku hiyo, kuliko siku nyingine yoyote, hakutaka kuongeza kosa juu ya yale aliyokuwa nayo tayari.

Akahamia kulia. Akachukua kipande kifupi cha mguu wa kigoda, akawasha mashine, akakisogeza kwa mkono wa kulia peke yake, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia kwa unyenyekevu, mgongo umeinama kidogo, hasa kama mtu anayemwandalia mkubwa wake chai.

Mashine haikutambua heshima hiyo. Mti ulipaa, ukapinda kushoto juu ya sahani, ukamgonga Haji Rondhi kwenye paji la uso, chini kidogo ya kofia. Vidole viwili vya Pak Kasmuri viliguswa na msasa na kuacha ngozi pale.

Alizima. Kisha, kwa mazoea, akasubiri. Sahani kama ile haisimami ukizima. Huendelea kuzunguka yenyewe, ikipungua polepole, na aliwakataza watu wote kuondoka mbele yake kabla haijatulia. Kwa hiyo alisimama, damu ikidondoka juu ya rangi nyekundu, huku karakana nzima ikisikiliza ule mvumo ukishuka. Ilichukua muda ambao mtu angeweza kuisoma Fatiha bila haraka, na inawezekana wako walioisoma.

Haji alipapasa uvimbe. Ulikuwa umeshafikia ukubwa wa yai la kware.

"Niambie, mkwe," alisema taratibu, "mashine hii ndiyo mara yako ya kwanza kuishika?"

Swali lilikuwa la huruma, na halikuwa na jibu zuri. Akisema ndiyo, anabaki fundi wa nakshi aliyechezea asichokijua akampiga mkwe wake. Akisema hapana, yeye ni mpiga msasa, tena asiyejua kupiga msasa.

"Mara ya kwanza, Pak Haji," Bu Ngatini aliwahi. Alikuwa ameinuka mkekani, kitambaa cha pua mkononi, tayari kumfunga vidole. "Tulimkanya asiiguse. Wachongaji hawa, wakiona swichi wanakuwa watoto."

Mikeka ikaitikia: kweli, tulimkanya.

Pak Kasmuri alimtazama. Mwanamke aliyemtania kila siku alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea, na wenzake wote walikuwa wameushikilia. Kilichobaki ni kuitikia kwa kichwa. Waliokuwa karibu wanasema masikio yake yalibadilika rangi.

"Hapana," alisema. "Si mara ya kwanza. Ni kazi yangu. Sichongi tena, Pak Haji. Macho. Na hiyo mashine naijua. Pengo nimepima asubuhi. Upande wa kushoto ndio upande wake, kila mtu hapa nimemfundisha mimi."

"Sasa mbona ulitumia wa kulia?"

"Kushoto ulikuwa umekaa wewe."

Haji alikitazama kigoda, akaitazama mashine, akautazama mkono wa kushoto wa Pak Kasmuri, ambao ulikuwa bado umeshika kiwiko.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniheshimu."

"Ndiyo, Pak."

"Basi siku nyingine," alisema Haji, akigusa paji la uso, "nidharau kidogo."

Bu Ngatini ndiye aliyecheka kwanza. Haji alisimama, akakibeba kigoda mwenyewe, akakizungusha mpaka nyuma ya Pak Kasmuri, mbali, akataka kipande kimalizwe. Pak Kasmuri alinyoosha mkono, ukiwa na kitambaa cha Bu Ngatini kimeviringwa vidoleni.

"Na kitambaa mkononi?" alisema Bu Ngatini. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetukataza. Rudi nyuma."

Akarudi nyuma. Kipande kilimaliziwa na Bu Ngatini, pete kaivua, mikono ya nguo kaikunja, upande wa kushoto, na kilitoka kimenyooka. Pak Kasmuri alimweleza Haji kila hatua kwa sauti ndogo, macho yakiwa chini, na Haji aliitikia kila neno kama mtu anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Jenang ililiwa. Safari hii chai ilianzia mkekani, kwa kuwa Haji alikuwa amekaa karibu na huko.

Wakati wa kuaga, Haji alisimama mbele ya tangazo la wilaya, akalisoma lote kwa sauti, akasema ni maneno mazuri na ya kweli. Alimshika Pak Kasmuri bega, akamwambia kwamba kazi ni ibada, iwe ya patasi au ya msasa, na kwamba hakuna cha kuficha. Pak Kasmuri alisema ndiyo, Pak. Hakuinua kichwa mpaka mlango ulipokuwa mtupu.

Nihayah alipiga simu jioni ya siku ya pili kumuuliza mama yake kama huko nyumbani ni salama. Baba mkwe amerudi na uvimbe, alisema, na amewaambia watu wa nyumbani na wa msikitini kwamba aligonga kichwa kwenye mlango wa gari.