Siku wauguzi watafiti walipomleta mama mkwe wangu awe mkalimani

Wakuu, nawasalimu nyote, wazee kwa vijana.

Nimesoma nyuzi nyingi humu kuhusu kupima damu kabla ya ndoa. Nami naweka ya kwangu. Sitaongeza chumvi, kwa sababu yalivyokuwa tu yanatosha kunifanya nione haya mpaka leo.

Ni miaka ya sabini. Nilikuwa karani wa reli pale Malaba, kazi yangu kuandika mabehewa yanayovuka kwenda Uganda. Nyumbani ni nje kidogo ya mji wa Busia. Mke wangu Nabwire nilimtoa mbali, upande wa Sigalame, maana kwetu huwezi kuoa karibu. Ukioa karibu utaambiwa umeoa dada yako.

Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alifariki akilia maumivu ya mifupa. Wa pili, Wandera, alianza vilevile: vidole vinavimba, macho manjano, baridi kidogo tu analia usiku kucha. Ugonjwa huo leo mnauita selimundu.

Mama yangu alikuwa na maelezo yake. Damu ya kina Nabwire ni mbaya. Dawa ni kumrudisha kwao, nioe mwingine. Alikuwa ameshamtafuta huyo mwingine, na mke wangu alijua. Alikunja tu nguo zake na za Wandera, akaziweka pamoja pembeni.

Wakati huo wakaja wauguzi wawili kutoka Nairobi wakifanya research. Mkubwa wao tulimwita Sista Esther. Hawakuleta dawa, na walisema hivyo wazi. Walitaka kujua familia zenye ugonjwa wa aina hii huamuaje kuhusu kuzaa. Hospitalini walitoa damu yangu, ya Nabwire na ya mtoto, wakaahidi kuja nyumbani na majibu.

Sasa sikilizeni utaratibu wao, kwa sababu kila kitu kilitokea hapo.

Ili siri za watu zisitembee, mkalimani hakutakiwa kuwa jirani. Lazima atoke mbali. Tena hakuambiwa mapema wanaenda boma la nani. Kwa mtu wa Nairobi, hiyo ni akili nzuri sana. Lakini kwetu, mtu wa mbali anayejua lugha yenu ni nani? Ni mkwe wenu.

Land Rover ikaingia uani. Wakashuka wauguzi. Nyuma yao akashuka mkunga mmoja aliyejifunza Kiswahili kizuri akiwapikia wamisionari.

Mama yake Nabwire.

Kwa wasiojua: kwetu mwanamume haketi na mama mkwe. Hamtazami usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Mambo ya chumbani hayatajwi hata kwa mbali.

Mimi niligeuka nikatazama ghala. Yeye alijifunika uso kwa leso na kurudi nyuma ya mlango wa gari.

Sista Esther akadhani namwogopa yeye. "Baba Wandera, usikimbie! Leo hatudungi mtu."

Mama yangu akacheka, akasema kwa lugha yetu, "Mwacheni akae. Ndiye mwenye hiyo damu, aje aione."

Ningekuwa na pa kwenda, ningeenda. Ikaamuliwa mama mkwe akae jikoni nyuma ya ukuta wa matope, sisi tukae upande wa pili, sauti ipite dirishani. Mimi nilimpa dirisha mgongo.

Swali la kwanza alielekezewa mama yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la mpakani, ongeza na punguza, basi.

"Muulize, katika nyumba hii nani huamua kama mtoto mwingine azaliwe?"

Sauti ikatafsiri. Mama akajibu mara moja.

"Anasema ni yeye," ikasema sauti.

"Na ameamua nini?"

Mama akanyoosha shingo, akalielekezea dirisha maneno yake yote. Nabwire alikuwa ameketi chini, Wandera mapajani.

Nilijua mama mkwe atayalainisha. Mzazi gani asingeyalainisha? Hakuacha hata neno.

"Anasema huyu msichana arudishwe kwao, damu yao imeoza. Anasema kijana wake ataoa mwingine, nyumba ipate watoto wazima." Kisha akaongeza la kwake: "Na kwao, Sista, ni kwangu."

Kalamu ya Sista Esther ilisimama. Ndipo alipoelewa alichokifanya.

Akaniuliza polepole kama anaruhusiwa kutoa majibu ya damu hapo hapo. Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi mwambie mama kwamba tumepima wote wawili. Wote wanabeba ugonjwa huu. Mtoto haugui bila kupokea kwa baba na kwa mama. Damu ya nyumba hii pia imo."

Sista Esther akaligeukia dirisha.

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia, Sista. Hiyo siwezi. Siwezi kumtukana mwenye boma ndani ya boma lake."

Wakuu, fikirieni. Sentensi moja ingemwokoa binti yake, na adabu ikamfunga mdomo. Mama yangu alikuwa akituangalia mmoja mmoja, hajui kimesemwa nini. Nabwire alijua Kiswahili. Alikuwa ananitazama mimi.

Ilibidi niseme, mama mkwe akisikia, kwamba ubaya umo pia katika mwili wangu. Jasho lilinitoka kama nimepakua behewa la simenti.

"Mama," nikasema kwa lugha yetu, "nusu imetoka kwangu. Na mimi nimeipata kwenu."

Mama aliinua ukingo wa leso yake, akaanza kuupangusa mdomo wa Wandera, ambao haukuwa na kitu.

Sista Esther, kwa sauti ndogo, akarudia swali lake. Nani huamua?

Safari hii alijibu Nabwire, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Anayebeba mimba ni mimi. Sijaamua bado."

Hiyo mama yake alimtafsiria mama yangu upesi, tena kwa sauti kubwa.

Walipokuwa wakiondoka, mama yangu mwenyewe ndiye aliyempelekea mama yake Nabwire maji hadi garini. Sikusikia walichosemezana. Kuanzia siku hiyo neno damu halikutajwa tena pale nyumbani, na nguo za Nabwire zikarudi kwenye kamba ya chumbani.

Wandera tulimzika akiwa kijana. Mwingine hatukuzaa. Nabwire aliamua, nami nikakubali.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hatukuwahi kutazamana.

Nilichojifunza: pimeni wote wawili, na majibu mpewe faraghani. Na ukiwa mume, usingoje mkalimani akusemee.

Karibuni mchangie, hata wenye kunicheka. Swali la Sista bado liko mezani: kwenu nyinyi, nani huamua?